Siku mbili za kungoja

GOMA. Ni siku ya nne asubuhi. Kwenye baraza ya nyumba moja ya mbao, mtaani Ndosho, binti mmoja amefika na kikopo cha plastiki kilichofungwa ndani ya mfuko mweusi. Kina mafuta ya njano, mazito, yenye harufu ya maua. Siku ya posho dada yake anatolewa mahari, na yeye anataka uso wake ung'ae kwenye picha.

Msusi anapokea kikopo, anakigeuza juu na chini. Hakuna karatasi wala maandishi.

"Jina yake nani?"

"Haina jina, yaya. Wanapima tu. Elfu mbili kikopo."

Msusi anachovya ncha ya kidole, anashika mkono wa binti na kumpaka alama ndogo kama punje ya haragi, upande wa ndani wa kiwiko. Kisha anafunga kikopo na kumrudishia.

"Usipanawe hapa. Urudi siku ya posho asubuhi."

"Lakini yaya, siku ya posho ndiyo sherehe yenyewe!"

"Ndiyo maana nakupaka leo."

Binti anaondoka akinung'unika. Wamama wawili wanaongoja zamu yao wanacheka, kwa sababu wao pia walipitia hapo. Kwa msusi huyu hakuna dawa mpya inayogusa kichwa au uso wa mteja kabla ya kukaa siku mbili kwenye mkono. Wateja wengine wamechoka na sheria hiyo na wamehamia kwa wasusi wa barabara kubwa, ambao hawangojeshi mtu. Yeye anawaacha waende.

Sheria hiyo hakuifunza shuleni. Aliipata Bulengo.

Mama huyo, mwenye miaka 38 na watoto watatu, alikimbia Sake mwezi wa Februari 2024, wakati mapigano yalipoukaribia mji huo ulio kilomita zaidi ya 20 magharibi mwa Goma. Katika mfuko wake aliweka nguo za watoto, sufuria moja, vitana viwili na uzi wa kusukia. Vitana aliviweka bila kufikiri, kwa kuwa vilikuwa juu ya meza karibu na mlango. Ndivyo vilivyomlisha baadaye.

Katika kambi ya Bulengo alitandika kipande cha shitingi juu ya mawe ya volkano na kuanza kusuka. Wengine walimcheka. Walisema watu wanalala njaa, nani atafikiria nywele? Lakini wamama walikuja. Mmoja alileta kopo la unga, mwingine franka mia tano, mwingine aliahidi kulipa siku ya mgao. Msusi anasema kwamba pale kambini unga uliombwa, maji yaliombwa na hata shitingi iliombwa. Kichwa ndicho kilibaki cha mtu mwenyewe.

Baada ya wiki chache wateja walianza kuuliza vile vitu walivyoviona mjini: meshi, defriza, mafuta ya kung'arisha. Mfanyabiashara mmoja kutoka Birere alikuwa akipita kambini na mzigo wake na kuwakopesha wasusi. Aliuza vikopo vya kupima na makopo ya defriza yaliyokwisha funguliwa. Msusi alichukua mzigo na kuanza kuujaribu.

Jaribio la kwanza lilikuwa defriza, na aliyeumia ni jirani yake.

Alimpaka dawa hiyo kichwani, akanyoosha nywele kwa kitana, zikalala vizuri. Kisha jirani akaanza kusema kichwa kinachoma. Ilikuwa saa ya kuosha, na pale palikuwa na bidoni moja ya lita 20, ambayo watoto walikuwa wamekwisha kuinywa nusu. Maji yaliisha povu likiwa bado kichwani. Wakakimbia kwenye bomba, wakakuta mstari mrefu. Kabla wamama wengine hawajakubali kuwapisha, ngozi nyuma ya masikio ilikuwa imekwisha kubambuka.

Viwango vinavyofuatwa na mashirika ya misaada vinataka kila mtu kambini apate angalau lita 15 kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Defriza moja, ikioshwa sawasawa, inaweza kumaliza maji yote hayo. Hilo halikuandikwa kwenye kopo.

Kilichoandikwa, msusi alikielewa miezi miwili baadaye, siku aliyoitwa kwenye mafunzo ya kutengeneza sabuni. Mwalimu aliwaonyesha soda kali, akawavalisha glavu na kuwakataza kuinamia chombo. Kwenye mfuko wa soda paliandikwa kwa Kifaransa "hydroxyde de sodium". Maneno hayo msusi alikuwa ameyaona mahali. Aliporudi hemani alitafuta kopo la defriza, akalisoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Yalikuwa yale yale.

Tofauti ni hii. Katika sabuni, soda inaungana na mafuta ya mawese, na sabuni ikiachwa wiki kadhaa soda inakuwa imekwisha kazi yake. Katika defriza soda bado iko hai. Inalegeza unywele ili unyooke, na ikikaa zaidi ya dakika zilizoandikwa inaanza kula ngozi. Ziko defriza nyingine zinazoandikwa kwamba hazina soda hiyo, lakini nazo ni kali na zinaunguza zikiachwa sana. Tangu siku ile msusi hafungui kopo la defriza kabla ya kuona bidoni mbili zimejaa na zimewekwa karibu. Hampaki mtu mwenye kidonda kichwani, wala aliyejikuna sana au aliyefumua nywele siku hiyo. Na mtoto mdogo hampaki kabisa, hata mama yake alipe mara mbili.

Jaribio la pili alilifanya kwa uso wake mwenyewe.

Mafuta ya kikopo yalikuwa na faida kuliko kusuka. Kila kikopo kilimwachia franka mia tano, na aliweza kuuza vitano kwa siku. Mfanyabiashara alimwambia kwamba wateja wanaamini wanachokiona, kwa hiyo ajipake kwanza. Alijipaka asubuhi na jioni. Katika wiki ya pili wamama walianza kumwambia amekuwa kama mtu wa mjini. Vikopo vikaisha, akachukua vingine.

Wiki ya sita uso ulianza kuwaka juani. Alipoacha kupaka siku tatu, ukajaa vipele. Alipopaka tena, vipele vikapungua. Hapo akaelewa kwamba mafuta yalikuwa yamemshika. Alipoacha kabisa, mashavu yalibaki na madoa meusi, na chini ya macho ngozi ikawa nyembamba kiasi cha kuonyesha mishipa. Siku hizo hizo ndipo walipita watu wa kuandikisha familia na kupiga picha kwa ajili ya kadi ya msaada. Alitaka kujificha, lakini bila picha hakuna kadi, na bila kadi hakuna unga. Akapigwa picha.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alimwuliza jina la mafuta. Hakuwa nalo. Muuguzi akamweleza kwamba vikopo vya namna hiyo huchanganywa na dawa mbalimbali. Kuna klobetasoli, dawa kali ya ugonjwa wa ngozi ambayo daktari anaiandika kwa siku chache. Mtu akiipaka miezi mingi inapunguza unene wa ngozi na kuleta michirizi, na vidonda vinachelewa kupona. Kuna hidrokwinoni, ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye mafuta ya kung'arisha ngozi zaidi ya miaka 20 iliyopita. Na kuna zebaki.

Zebaki ndiyo ya kuogopwa zaidi. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtu anaonekana kung'aa. Lakini inaingia mwilini na kuharibu figo, na Shirika la Afya Duniani, OMS, linaonya kwamba inaweza kufika hata kwa mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha vipodozi vyenye zebaki kupita kiasi kidogo sana. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilianza msako wa mafuta ya kujichubua madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Hata hivyo vikopo bado vinapimwa sokoni Goma, kwa sababu kikopo kisicho na jina hakina wa kuulizwa.

Msusi alirudisha vikopo vilivyobaki. Deni la vile alivyokwisha kuuza alililipa kwa miezi mitatu. Lililomsumbua zaidi lilikuwa wale wamama aliowauzia. Alizunguka hema kwa hema kuwaambia waende kwa muuguzi. Wengine walimshukuru. Mmoja, aliyekuwa na mimba, alimwuliza kwa nini hakusema mapema. Hakuwa na jibu.

Fundisho la tatu lilikuja na ugonjwa. Agosti 2024 OMS ilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na kambi za Goma zilikuwa tayari na wagonjwa. Ugonjwa huo unapita kwa kugusana ngozi, na pia kwa vitu alivyovitumia mgonjwa. Msusi aliangalia sanduku lake: sponji moja ya poda kwa nyuso zote, kalamu moja ya nyusi, rangi moja ya midomo iliyopita kwa wamama ishirini. Alitupa sponji. Siku hizi kila mteja wa kupambwa analeta kitambaa chake na rangi yake ya midomo. Vitana vinaoshwa kwa sabuni baada ya kila kichwa, hata mstari ukiwa mrefu.

Februari 2025 kambi za Goma zilipobomolewa, hakuweza kurudi Sake, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa imeharibika. Jamaa mmoja alimpa chumba na baraza Ndosho. Hapo ndipo anapofanya kazi.

Anachotumia leo ni kidogo na kinajulikana. Kwa nywele, vazelini au mafuta ya nazi, yakipakwa nywele zikiwa bado na unyevu ili maji yasitoke haraka. Kwa ngozi, gliserini iliyochanganywa na maji kidogo. Kwa uso, poda inayofanana na rangi ya mtu mwenyewe, na anaijaribu shingoni kabla ya kuinunua. Haoni aibu kumwambia mteja kwamba kitu fulani ni ghali bure.

Wanaomwuliza jinsi ya kununua anawaambia mambo machache. Usinunue kitu cha kupimwa. Tafuta kwenye kopo jina la aliyetengeneza, vilivyomo na tarehe ya mwisho. Ukiona "mercure", "calomel" au "Hg", liache. Ukiona onyo kwamba mafuta yasiguse dhahabu, fedha au aluminiamu, liache pia, kwa kuwa onyo hilo ni dalili ya zebaki. Na kama umekwisha kujipaka miezi mingi, usikate ghafla na kunyamaza, bali nenda kituo cha afya na kopo lenyewe mkononi. Mwenye mimba au anayenyonyesha asingoje.

Siku ya posho, saa mbili asubuhi, binti alirudi. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na alinyoosha mkono kabla hata ya kusalimia.

"Yaya, angalia! Hakuna kitu."

Kweli, kiwiko kilikuwa safi. Hakukuwa na wekundu wala kipele. Wamama waliokuwa barazani walinyamaza kusikia msusi atasema nini.

"Mkono umesema haukuwashi," alijibu. "Haukusema ndani mna nini. Zebaki haiwashi siku mbili."

"Sasa ulinipaka ya nini?"

"Kama ungewashwa, tungekuwa tumejua. Sasa umesalimika na hilo moja. Hilo lingine mkono hauwezi kulijua, na mimi pia siwezi."

Binti alianza kulalamika kwamba dada yake anangoja, kwamba wenzake wote wamejipaka, kwamba ni siku moja tu. Msusi hakubishana. Alifungua sanduku la vitana, akatoa kadi ya msaada ya Bulengo, akampa.

Binti aliitazama muda mrefu. Akamtazama msusi usoni, kisha akarudi kwenye picha.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Wiki ya sita."

Binti aliketi. Msusi alimwosha uso, akampaka poda ya kahawia ya rangi yake, akachora nyusi kwa kalamu aliyoileta mwenyewe, na kumalizia mistari ya nywele pembeni. Saa nne alikuwa tayari. Alijitazama kwenye kioo cha simu, akageuza shingo huku na huku, akalipa.

Kikopo hakukitupa. Alikifunga tena kwenye mfuko mweusi na kukiweka ndani ya mkoba, kwa kuwa alikuwa amekilipia elfu mbili. Msusi alikiona, hakusema neno. Aliingiza kitana kwenye beseni la sabuni na kumwita mama aliyekuwa akifuata.