Timu Iliyoegemea Nguzo Moja

Msimu wa 2008-09, timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, ile ambayo Wamarekani wanaiita UConn, ilishinda mechi 31 na kupoteza tano. Mimi nimezisoma zile tano kuliko zile 31. Na nimezisoma kwa sababu ya ng'ombe watatu walioko Genkuru.

Nieleze. Genkuru ni kijiji chetu, huko Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mtoto wa dada yangu ana miaka 17 na ana urefu wa mita mbili na sentimita mbili, na suruali aliyonunuliwa Krismasi imeshapanda juu ya kifundo cha mguu. Kila anayemwona anatamka jina moja: Thabeet. Hata wazee ambao hawajawahi kuuona mpira wa kikapu ukichezwa wanamwita hivyo. Kikapu chenyewe kijijini hakipo. Kuna goli la netiboli, chuma cha duara juu ya mti, bila ubao, na huko ndiko anakorusha mpira wa miguu ulioisha upepo.

Mwaka jana jamaa mmoja wa mjini, anayejiita wakala, aliiona picha yake kwenye simu ya mtu. Akapiga. Akasema kuna shule nje ya nchi, baada ya shule kuna chuo, baada ya chuo kuna Marekani yenyewe. Kwanza familia ilipie maandalizi: pasipoti, video, usajili. Jumla yake, ukiigeuza kwa bei ya mnadani, ni ng'ombe watatu. Kwetu Wakurya ng'ombe watatu si akiba ya kuchezea. Hiyo ni sehemu ya mahari ya mtu, ni ada ya miaka, ni msiba ukitokea. Dada akanipigia. "Mdogo wangu, wewe si ndiyo mwandishi wa habari? Nitafutie ukweli wa haya mambo."

Basi nikaenda kwenye chanzo chenyewe. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, tarehe 16 Februari 1987. Alianza kuushika mpira wa kikapu akiwa kijana wa sekondari, umri ambao wenzake wa Marekani wana miaka kumi uwanjani. Akapita shule kadhaa huko Marekani, akamalizia Houston, na mwaka 2006 akaingia UConn chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu: mita 2.21.

Hapa ndipo masimulizi yetu huwa yanaruka. Tunatoka Dar, tunatua moja kwa moja usiku wa Juni 2009, Memphis Grizzlies wanamchagua wa pili katika NBA, nyuma ya Blake Griffin. Katikati kuna miaka mitatu ya chuo, na hiyo miaka mitatu ndiyo habari yenyewe.

Mwaka wa kwanza Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 6.2 kwa mechi. Wa pili, 10.5. Wa tatu, 13.6, na rebaundi 10.8. Sasa weka pembeni yake hesabu za timu. Mwaka wa kwanza UConn walishinda mechi 17, wakapoteza 14, na mashindano ya taifa hawakuingia kabisa. Mwaka wa pili walishinda 24, wakatolewa raundi ya kwanza na San Diego kwa pointi moja, 70-69, katika muda wa nyongeza. Mwaka wa tatu, 31 na tano. Mtu na timu walikua pamoja. Huwezi kukata hesabu ya mmoja ukaiacha ya mwingine.

Nguvu ya timu ile ya mwaka wa tatu ilikuwa ulinzi, na ulinzi ule ulikuwa na akili. Thabeet alisimama karibu na kikapu, akazuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi. Lakini iliyozuiwa ilikuwa michache ukilinganisha na ile ambayo haikurushwa kabisa. Mshambuliaji anaingia, anamwona, anageuza, anarusha kutoka mahali pabaya. Na kwa kuwa nyuma kuna mtu, walinzi wa mbele, A.J. Price, Jerome Dyson, Craig Austrie na dogo wa mwaka wa kwanza aitwaye Kemba Walker, waliweza kumbana mwenye mpira bila hofu. Ukipitwa, sawa, kuna jitu linakusubiri huko. Pembeni ya Thabeet alikuwepo Jeff Adrien, mfupi kwa senta lakini mwenye mwili wa kupigania kila rebaundi, na Stanley Robinson aliyeruka kama ana springi. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, Thabeet alifunga pointi 15, akachukua rebaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Kwa usiku kama ule ungedhani hakuna dawa.

Dawa ilikuwepo. Georgetown walikuwa wameshaionja tangu Desemba, waliposhinda 74-63. Wao walikuwa na kawaida ya kumweka senta wao juu, mbali na kikapu, awe anagawa mipira kutoka pale. Senta akitoka, anayemkaba atoke naye, na nyumba inabaki bila mlinzi. Lakini walioinywesha UConn dawa yote ni Pittsburgh.

Likizo ya Desemba nilikwenda Genkuru, nikakaa na mpwa wangu chini ya mwembe tukaiangalia mechi hiyo kwenye simu, vipande vipande, bando likikata tunangoja. Ni tarehe 16 Februari 2009, Thabeet anatimiza miaka 22, na UConn ni namba moja Marekani nzima. Anayemkaba ni DeJuan Blair, mita 2.01 tu. Sentimita 20 chini yake. Kijana akacheka. "Mjomba, huyu si ananizidiwa hata na mimi?"

Baada ya dakika chache hakuwa anacheka tena. Blair anaweka makalio chini, anampa Thabeet mgongo, anasukuma. Thabeet anarudi nyuma hatua moja. Anasukuma tena. Kuna sehemu mikono yao imenasana na Blair anamwinua Thabeet juu ya bega na kumbwaga sakafuni. Siku hiyo Blair alimaliza na pointi 22 na rebaundi 23, na Pittsburgh wakashinda 76-68.

Kijana akairudisha ile sehemu mara tatu. Amechunga ng'ombe tangu ana miaka sita, na mafahali wakipigana hao wachungaji ndio watazamaji wa kwanza. Akasema, "Mrefu amesimama magoti yamenyooka, mjomba. Angalia. Fahali akisimama hivyo hata ndama anamsogeza." Kisha akaongeza kitu ambacho sikuwa nimekiona mimi mwenye shahada: "Na wenzake wote wanamwangalia yeye. Hakuna anayekuja."

Ni kweli. Timu iliyozoea kwamba nguzo haianguki haina mazoea ya kuishika. Walinzi waliokuwa wanabana mbele kwa kumtegemea mtu wa nyuma, huyo wa nyuma akisogezwa, wote wako mahali pasipofaa. Kile kile kilichowapa ushindi 31 ndicho kilichowafungua. Machi 7 wakakutana tena na Pittsburgh, wakapigwa tena, 70-60.

Udhaifu wa pili haukuwa kosa la mtu. Tarehe 11 Februari, siku tano kabla ya ile mechi ya Blair, UConn waliwafunga Syracuse 63-49, lakini Dyson aliumia goti na msimu wake ukaishia pale. Dyson alikuwa mmoja wa wanaobana na wanaofunga kutoka nje. Alipoondoka, mzigo wa kufunga kutoka mbali ukamlalia zaidi Price, na benchi likawa fupi. Benchi fupi halionekani siku ya kawaida. Linaonekana siku mechi inapokataa kuisha.

Na ilikataa. Usiku wa Machi 12, Madison Square Garden, New York, UConn na Syracuse tena, safari hii kwenye mashindano ya ligi yao ya Big East. Muda wa kawaida, sare. Nyongeza ya kwanza, sare. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, sare. Katika nyongeza zote tano za mwanzo Syracuse hawakuongoza hata mara moja. UConn ndio walikuwa mbele, na kila mara walishindwa kufunga mlango. Wachezaji kadhaa wakatolewa kwa faulo, wa timu zote mbili. Nyongeza ya sita, saa za usiku wa manane zimeshapita, Syracuse wakaongoza na hawakuangalia nyuma: 127-117. Sijui kipigo kingine kinachoonyesha ubora na upungufu wa timu moja kwa wakati mmoja namna hii.

Hata hivyo walifika mbali. Kwenye mashindano ya taifa waliwachapa Chattanooga 103-47 Calhoun akiwa amelazwa hospitali, wakawafunga Texas A&M, Purdue na Missouri, wakafika nne bora. Tarehe 4 Aprili, Detroit, mbele ya watu zaidi ya 70,000, wengi wao wakiwa wa jimbo lile lile la wapinzani, wakakutana na Michigan State. Hao walikuwa na watu wengi wa kubadilisha na walikimbia. Mpira ukifungwa, wanakimbia, ukikosa, wanakimbia. Senta mrefu anakulinda akiwa amefika. Mara nyingi siku ile alikuwa bado yuko njiani. 82-73, safari ikaishia hapo.

Yaliyofuata mnayajua, na mitandaoni yanajulikana kwa kejeli. Wa tatu kuchaguliwa nyuma ya Thabeet alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Msimu wake wa kwanza NBA Thabeet alipata wastani wa pointi 3.1, na kabla msimu haujaisha alishushwa ligi ya chini. Akapita Houston, Portland, Oklahoma City. Jina la Mtanzania wa kwanza kucheza NBA likawa mzaha kwa watu ambao hawajui kwamba alichaguliwa kwa kazi aliyoifanya akiwa na Price, Adrien na Walker pembeni, na kwamba Memphis hakuwapata hao pamoja naye.

Dogo Kemba Walker alibaki chuoni. Tarehe 4 Aprili 2011, miaka miwili kamili tangu usiku ule wa Detroit, aliiongoza UConn kuwafunga Butler 53-41 huko Houston na kuchukua ubingwa wa taifa. Hakuwa na Thabeet nyuma yake wa kumsamehe akipitwa. Alikuwa na miaka mitatu ya kufundishwa.

Niliyoyapata nikayabeba kwa yule wakala. Nilimpigia, nikamuuliza matatu. Kijana atacheza na nani? Nani atamfundisha, na kwa miaka mingapi? Akiumia goti mwezi wa pili, nani anamtibu na nani anamrudisha nyumbani? Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, kijana ana urefu. Mengine yatajipa."

Nikamweleza dada nilichosikia. Akanyamaza, kisha akasema ng'ombe hawatoki zizini. Akasema pia kijana amalize kidato cha nne, na likizo aje kwangu Mwanza, ambako viwanja vyenye ubao vipo na kuna watu wazima wanaofundisha watoto jioni.

Mpwa wangu alikasirika. Aliniuliza swali ambalo bado ninalo: "Mjomba, na yeye Thabeet angekuwa na mjomba kama wewe, angeondoka?" Sikuwa na jibu zuri. Thabeet naye aliondoka bila uhakika wowote. Labda kwao kulikuwa na mtu aliyeuliza maswali kama yangu, akajibiwa. Labda hakuwepo, na bahati ikafanya kazi ya majibu. Nilichomwambia ni kwamba maswali yangu hayakuhusu kama aende. Yalihusu anaenda kwa nani. Aliniona mwoga, na ana haki ya kuniona hivyo. Mlango nilioufunga huenda ulikuwa wa kweli, na siku ya kuthibitisha haitafika.

Kwa wiki mbili hakunipigia wala kupokea. Dada aliniambia kila jioni yuko kwenye lile goli la netiboli, na kwamba siku hizi anapiga magoti kidogo kabla ya kuruka, na wadogo zake amewapanga wamsukume kwa mgongo mpaka giza linaingia.

Jana usiku ukaja ujumbe. Hakuna salamu. Anaomba mechi ya Syracuse, ile ya nyongeza sita, lakini siyo vipande. Anaitaka yote, karibu saa nne nzima, na anasema safari hii hatamwangalia Thabeet, anataka kuwaangalia wale wengine wanne.

Nimemtumia bando.