Siku Moja Vatikano na Stempu Zangu

Leo nataka tufuatane mpaka Roma, kwenye Kanisa la Mtakatifu Petro. Nauli huna haja nayo. Kaa kitako, uwaite na watoto.

Kwanza nikueleze tabia yangu. Tangu utoto wangu nakusanya stempu za barua. Aliyenifundisha ni marehemu baba, aliyekuwa katekista huko kwetu Bukoba. Stempu aliyoipenda kuliko zote ilitoka Vatikano mwaka 1965, nayo ni ya Mashahidi wa Uganda. Basi nilipopata nafasi ya kwenda Roma, mama hakuniagiza rozari wala picha. Aliniambia, "Mwanangu, niandikie barua kutoka huko huko walikotangazwa watakatifu wetu. Stempu iwe juu yake, nami nitajua umefika."

Haya, asubuhi na mapema tuingie uwanjani. Tazama chini, utaona mstari mweupe wa mawe. Upande huu ni Italia. Ukivuka hatua moja umeingia Vatikano, nchi iliyo ndogo kuliko zote duniani. Ukubwa wake ni hekta 44, yaani karibu ekari 109 tu. Ilipata kuwa dola yenyewe kwa mapatano ya tarehe 11 Februari 1929, na tarehe 1 Agosti mwaka huo huo ikatoa stempu zake za kwanza. Sasa inua macho. Uwanja umezungukwa na nguzo 284, na juu yake zimesimama sanamu 140 za watakatifu. Katikati pana mnara wa jiwe moja uliotoka Misri, ukasimamishwa hapo mwaka 1586.

Nilikwenda kwanza posta. Nikanunua stempu, nikabandika moja juu ya barua ya mama, na nyingine nikazitia ndani ya kitabu zisije zikakunjika. Barua yenyewe nikaiweka mfukoni, nikisema moyoni, "Nitaipeleka sandukuni baadaye." Lishike neno hilo, msomaji.

Tuingie kanisani. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1506, na kanisa likatabarukiwa tarehe 18 Novemba 1626. Hesabu mwenyewe: ni miaka 120. Waliochimba msingi hawakuliona likiisha, wala wajukuu wao. Ndani, urefu wake ni karibu mita 187, kama viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa. Altare kuu iko juu ya kaburi la Mtakatifu Petro. Karibu nayo pana sanamu ya shaba ya Mtume huyo, ameketi. Mguu wake wa kulia umelika kwa kuguswa na kubusiwa na mahujaji wa karne nyingi. Nami nikaugusa.

Halafu nikapiga magoti. Ni katika kanisa hili kwamba tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu: Karoli Lwanga, Matia Mulumba, kijana Kizito na wenzao. Nilimkumbuka baba akinionyesha stempu yake na kunitajia majina yao mmoja mmoja. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema.

Baada ya hapo nikapanda kuba. Ngazi ni 551, magoti yakanilegea kabisa. Lakini kule juu unaiona nchi nzima, bustani na majumba yake, kama mtu anayetazama shamba lake kutoka kilimani.

Niliposhuka jua lilikuwa linazama. Nikavuka ule mstari mweupe, nikaenda zangu. Njiani nikaona sanduku jekundu la posta. Loo, barua ya mama! Nilikuwa nimeinyosha tayari niitumbukize, nikasikia nyuma yangu, "Tumsifu Yesu Kristo!" Nikaitika, "Milele na milele, amina," nikageuka. Alikuwa sista Mwafrika. Amesoma neno Tanzania juu ya bahasha. "Kaka," akasema, "hilo ni sanduku la Italia. Stempu ya Vatikano haina nguvu humo. Rudi upesi ukaitie katika sanduku la Vatikano."

Nikamshukuru, nikarudi mbio kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau. Siku nzima nilizitunza stempu za albamu yangu zisipate hata kovu, na barua ya mama ilikuwa imejikunja mfukoni. Niliinyosha kwa kiganja, nikaitia sandukuni.

Nilifika nyumbani kabla yake. Mama alinipokea kwa furaha, lakini kila mara aliuliza, "Na barua?" Siku ilipofika aliita majirani, akataka isomwe mbele yao mara mbili.

Ninyi watoto mnaokusanya stempu, msizing'oe kwa nguvu. Kateni karatasi kuizunguka, muilowekе katika maji baridi mpaka ijiachie, kisha muianike. Hivyo ndivyo nilivyotaka kuifanya ile ya mama. Alikataa. "Wewe unazo zako," akasema. "Hii imetumwa kwangu."

Iko hata leo juu ya bahasha yake, ndani ya kitabu chake cha sala. Nami sikuiomba tena.