Shahidi wa Malipo

Watu wa rika langu tuliolelewa katika Mji wa Kale wa Mombasa tumeyaona malipo yakibadilika sura mara nyingi katika umri mmoja, na kila nikiyazingatia mabadiliko hayo huona kwamba fedha zenyewe ndizo zilizobadilika kidogo. Kilichogeuka hasa ni yule anayesimama kushuhudia kwamba fulani alikuwa na deni, akalilipa, na dhima yake ikaondoka. Maana kulipa, kwa mfanyabiashara na kwa hakimu sawia, si kutoa fedha tu, bali ni kuzitoa kwa namna ambayo hata miaka ikipita na wakazuka wenye kubisha, atapatikana mtu, au kitakuwako kitu, cha kusema: naam, deni hilo lililipwa.

Ami yangu, aliyenichukua dukani kwake nilipokuwa ningali kijana, alifanya biashara karibu na Bandari ya Kale, zama ambazo majahazi yalikuwa bado yakija kwa pepo za kaskazi kutoka Ghuba na Uajemi, yakishusha tende na mazulia na papa wa kukausha, kisha yakingoja kusi ili yarejee makwao yakiwa yamesheheni boriti za mikoko. Katika muamala ule muhula wa deni ulihesabiwa kwa musimu zaidi kuliko kwa tarehe: nahodha aliyechukua bidhaa kwa mkopo alisema atalipa kaskazi ijayo, na ami akaandika katika daftari, kwa hati za Kiarabu, jina la nahodha na la jahazi lake, bidhaa aliyochukua na bei yake, sababu ya kukopeshwa, na majina ya watu wawili waliokuwapo barazani wakati huo. Wala hakuandika kwa kutomwamini mtu. Kurani yenyewe, katika aya iliyo ndefu kuliko zote, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, imeamrisha deni la muhula liandikwe na lishuhudiwe, na ami aliitakidi kwamba kuacha kuandika ni kumdhulumu mdeni kabla ya kumdhulumu mdai, kwa kuwa mdeni akifa hali deni halikuandikwa, warithi wake hawajui wamlipe nani wala kiasi gani. Siku ya kulipa, noti zilihesabiwa mbele ya mashahidi wale wale kama wako mjini, au wengine wenye sifa kama zao, na mstari uliolifuta deni ulipigwa mdeni akiuona kwa macho yake.

Babu yangu naye alikuwa na kisa chake, ambacho hakuchoka kukihadithia, cha miaka ya rupia. Rupia ya Kihindi ilikuwa ndiyo sarafu ya pwani yetu, nayo kwa muda mrefu ilikwenda kumi na tano kwa pauni moja ya Kiingereza. Lakini mwaka 1920 serikali ikaithibitisha kuwa kumi kwa pauni, na muda si mrefu shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ikachukua mahali pake. Aliyekuwa amekopa rupia mia moja alibaki akidaiwa mia ile ile katika daftari, ilhali mzigo wake, ukipimwa kwa pauni, ulikuwa umezidi kwa nusu nzima bila ya yeye kuongeza hata kipande. Mashahidi wote walikuwa hai, maandishi yote yalikuwa sahihi, na bado mdeni alilipa zaidi ya alivyoahidi. Mwaka 1966, zilipotoka noti za Kenya kutoka Benki Kuu mpya, wazee wengi waliingiwa na hofu ile ile, mpaka walipoona kwamba shilingi ilibadilishwa kwa shilingi.

Nilitoka dukani nikaingia ukarani katika ofisi ya wakili, na humo nikakutana na shahidi wa namna nyingine, nayo ni karatasi. Cheki, kwa mujibu wa sheria ya hati za malipo ambayo Waingereza waliitunga mwaka 1882 na ambayo sheria ya Kenya imeifuata karibu neno kwa neno, ni amri isiyo na sharti, iliyoandikwa na kutiwa sahihi, ambayo mwenye akaunti huipelekea benki yake imlipe fulani akidai. Lakini kumkabidhi mtu cheki si kumaliza deni. Mahakama huyahesabu hayo kuwa malipo yenye kungoja: deni hulala tangu cheki inapopokewa, benki ikilipa ndipo linapokufa, na benki ikiirudisha huamka kama lilivyokuwa. Nilizipokea mikononi mwangu cheki nyingi zilizorudi zikiwa na maneno machache ya karani wa benki ya kumwambia mpokeaji amrejee mwandishi wake, na kazi yetu ikawa kuandika barua ya ilani upesi, maana sheria humtaka mwenye cheki iliyokataliwa awaarifu waliotia sahihi kabla muda wa kiasi haujapita. Baadaye Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 316A, ikaifanya kuwa kosa la jinai kutoa cheki hali ukijua kwamba fedha hazimo. Kwa mara ya kwanza machoni mwangu ahadi ya malipo iliyovunjwa baina ya watu wawili ikawa jambo la polisi, na mimi niliona, na hata leo naona, kwamba hapo palikuwa na ukali mkubwa mno kwa mdeni fukara na mwepesi mno kwa tapeli mwenye mali.

Amma jambo lililonishughulisha kuliko yote katika ofisi ile lilikuwa hili: mtu mwenye madeni mawili kwa mdai mmoja akilipa fedha pasi na kusema neno, amelipa deni lipi? Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza humpa mdeni haki ya kwanza ya kuainisha; akinyamaza, haki humhamia mdai, naye aweza kuchelewa mpaka dakika ya mwisho kabla ya kuchagua; na katika hesabu ya benki inayokwenda mfululizo, kesi ya Clayton ya mwaka 1816 imeweka kwamba fedha ya kwanza kuingia hulipa deni la kwanza kutoka. Alitujia mtu wa pwani ya kusini aliyekuwa ameweka shamba lake la minazi rehani kwa deni moja, na kwa tajiri yule yule akachukua bidhaa kwa deni la pili lisilo na dhamana. Alipouza mazao alimpelekea tajiri fedha za kutosha kuikomboa rehani, akazitoa kwa adabu, akaaga, akaenda zake. Hakusema fedha zile ni za shamba, kwani kwake yeye jambo hilo lilikuwa bayana kama jua. Tajiri akaziandika kwenye deni la bidhaa, na rehani ikabaki. Mashahidi wa malipo walikuwapo wawili, waadilifu, na wote wakasema kweli tupu mahakamani; lakini hakuna aliyesikia ni za nini, na kwa ajili ya neno moja lisilotamkwa shamba la babu zake likapigwa mnada.

Kuna na suala la msamaha, ambalo hata sasa halijanitoka moyoni. Mtu wa kwetu akimwambia mdeni wake, nipe nusu na iliyobaki nimekusamehe, hujiona amefunga mlango wa deni lile mbele ya Mungu na mbele ya watu. Sheria ya mikataba ya Kihindi ya mwaka 1872, iliyotumika Kenya hadi mwisho wa mwaka 1960, ililikubali hilo: mdai aweza kusamehe lote au baadhi bila ya kupokea kitu badala yake. Tangu tarehe 1 Januari 1961 tukafuata kanuni za Kiingereza, na kwazo, tangu kesi ya Pinnel ya mwaka 1602, kichache hakiwezi kulipia kingi, isipokuwa mdeni aongeze kitu cha jinsi nyingine, hata kama ni farasi au kozi au vazi. Tanganyika ilipotunga sheria yake mwaka huo huo wa 1961 ilibaki na msingi wa Kihindi. Hivyo msamaha uliotamkwa Tanga humfunga aliyeutamka, na msamaha ule ule ukitamkwa Vanga, mwendo mfupi kutoka mpakani, waweza kurudishwa mezani na kudaiwa upya, ingawa majaji wa baadaye wameitafutia kanuni hiyo njia za kuilegeza. Naona ni hasara kwetu kwamba tuliiacha sheria iliyokuwa karibu na desturi zetu tukachukua iliyokuwa mbali nazo.

Nipite haraka katika miaka ya udhibiti wa fedha za kigeni, ambapo kumtumia jamaa wa Muskati chochote kulihitaji idhini ya Benki Kuu, hata sheria ile ilipofutwa mwaka 1995. Wengi walitumia hawala, ambayo shahidi wake alikuwa ni heshima ya mpokeaji na hofu yake ya kuvunjiwa jina.

Kisha mwezi wa Machi mwaka 2007 Safaricom ikaleta M-Pesa. Ilianza kabla ya kuwako sheria yake mahususi, Benki Kuu ikiwa imetoa barua ya kutokuwa na pingamizi, na fedha za watu zikiwa zimewekwa benki chini ya mdhamini. Sheria ya Mfumo wa Malipo wa Taifa ikaja mwaka 2011. Nilipoona ujumbe wa kwanza, wenye jina la aliyetuma au la aliyepokea, kiasi, saa, na namba ya uthibitisho, nilifikiri kwamba shahidi mkamilifu amepatikana, asiyesahau, asiyehongwa wala kufa. Na katika baadhi ya mambo ndivyo alivyo. Anayelipa kwa namba ya biashara hutakiwa aandike namba ya akaunti anayoilipia, na kwa kuiandika huwa ameainisha deni lake bila ya kufundishwa sheria. Laiti yule mwenye minazi angalikuwa na kisanduku hicho cha kujaza. Mahakama nazo hupokea kumbukumbu za namna hiyo, madhali ziambatane na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Lakini fedha zinazokwenda kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, nazo ni nyingi mno, huenda bila ya neno la sababu. Ujumbe wajua nani, kiasi gani na lini, na haujui kwa nini, jambo ambalo daftari la ami lililijua siku zote.

Hilo nimelishuhudia hivi karibuni, alipofariki muuza samaki wa mtaani petu, na wanawe wakaniomba nikae nao katika hesabu, kwa kuwa madeni ya maiti hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Simu yake ilikuwa na jumbe za fedha za miezi mingi: fedha zilizoingia ambazo zaweza kuwa bei ya samaki, au mkopo, au amana, au zawadi, zote zimeandikwa kwa lugha moja. Ikabidi tuwaite watumaji mmoja mmoja na kulinganisha kauli zao na kijitabu cha marehemu. Waliodai wakaleta mashahidi, na ambao ushahidi wao ulikuwa dhaifu wakaapa. Kiasi kikubwa kuliko vyote, ambacho wanawe walikwisha kukihofia kwamba ni mkopo utakaomaliza nyumba, kilitoka kwa mtu wa Lamu. Alipofika na kusomewa ujumbe, alisema kwamba fedha zile zilikuwa za marehemu mwenyewe, ni amana aliyomwekea na akamrudishia, na kwamba hadai kitu. Wanawe wakalifuta jina lake katika orodha ya wadai, tukaendelea na jina lililofuata.