Ndege ya Kwetu Iliyozeekea Ugenini

Mama mwenzangu, ukitoka Arusha kuelekea Moshi utapita Usa River, kisha Maji ya Chai, ndipo ufike Kikatiti. Ukisimama hapo barabarani na kutazama mashariki, utaona ndege zikishuka kwenda KIA, uwanja uliofunguliwa mwaka 1971. Watoto wetu wanazitambua kwa rangi zake. Lakini mwulize mtoto habari za East African Airways, atakukodolea macho tu.

Shirika hilo lilianza mwaka 1946 kwa ndege ndogo sita za Dragon Rapide. Lilikuwa mali ya pamoja ya nchi zetu za Afrika Mashariki. Fokker Friendship zilihudumia miji ya humu ndani, na VC10 kubwa ziliruka hadi London. VC10 ilikuwa na injini nne, zote mkiani, mbili kila upande. Iliundwa hivyo ili iweze kupaa hata kwenye viwanja vya joto na vya miinuko kama Nairobi.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na shirika likafa. VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za jeshi za kujazia nyingine mafuta angani. Mojawapo, iliyokuwa na namba ya Tanzania 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa. Septemba 2013 ilitua Dunsfold, Uingereza, ili itunzwe na Makumbusho ya Brooklands. Wenzetu waliona ni urithi.

Na sisi je? Nilimwuguza mzee mmoja aliyekuwa amesahau hata majina ya wajukuu wake. Siku moja, nikimsafisha kidonda, ndege ilipita juu. Uso ukamchangamka. Akanieleza jinsi ukoo mzima ulivyopanda lori kumsindikiza kijana aendaye kusoma Ulaya, akina mama wakiimba na kulia kwa pamoja. Wajukuu walikuwa nje wakicheza. Mzee alifariki kabla hawajaisikia habari ile.

Dada zangu, makumbusho yetu yamo masandukuni na vichwani mwa wazee. Jioni hii ifungue ile bahasha ya picha. Andika majina nyuma kwa kalamu, na mwaka kama unajulikana. Kisha waite watoto, wakae karibu na babu, na mwache aseme.