Mrehani wa Uani: Kateni, Msiung'oe

Soko la Darajani lipo ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Unguja. Lilifunguliwa mwaka 1904. Watu huenda huko kununua samaki, viungo, mboga na majani ya harufu nzuri. Jani moja linalopendwa sana Unguja ni mrehani. Huchanganywa na asumini kufanya kikuba anachovaa bibi harusi.

Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe, na nyua zake ni ndogo. Hata hivyo mrehani huota. Kopo lililotobolewa chini latosha, mradi lipate jua.

Sasa tutoke mjini kwa barabara ya Bububu, tupande mpaka Kidichi. Hapo ipo hamamu iliyojengwa mwaka 1850, enzi za Seyyid Said. Udongo wa huko una kina. Tengenezeni tuta, changanyeni samadi iliyooza, mwageni mbegu, kisha zifunikeni kwa udongo mwembamba. Mwagilieni maji kidogo kidogo.

Tukivuka kisiwa mpaka Jambiani, pwani ya mashariki, mambo ni mengine. Huko mawe ya matumbawe yapo karibu juu, na udongo ni haba. Ndugu wa huko, fanyeni kama watu wa mjini. Tumieni kopo au ndoo mbovu. Msitumie maji ya kisima chenye chumvi. Maji yaliyooshea mchele yanafaa.

Kazi kubwa ni kuvuna. Wengine hung'oa mrehani mzima, wakauza, basi. Hiyo ni hasara.

Mmea ukifika urefu wa shubiri moja, kateni kilele, juu kidogo ya jozi ya majani. Hapo yatachipua matawi mawili. Mkiyakata hayo mawili, yatakuja manne. Vuneni asubuhi, umande ukishakauka. Msikate zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja. Ondoeni maua mapema, kwani mmea ukianza kuzaa mbegu, majani hupungua. Acheni mmea mmoja tu uzae mbegu za kupanda tena.

Baada ya wiki mbili au tatu mtavuna tena.

Ndugu wasomaji, fedha ya leo ni nzuri. Lakini mwezi ujao mtoto atataka daftari jingine. Mrehani uliokatwa vizuri utasaidia kulinunua. Mrehani uliong'olewa hautasaidia kitu.