Siku Tulipopima Ngazi za Inivesite



Jumamosi iliyopita hatukuketi kwa mkutano wetu wa kawaida. Tulikuwa wamama sita na binti mmoja, tukaenda kutembelea kampasi moja ya hapa Lubumbashi. Tulibeba maji, karanga, telefone moja yenye mega, na futi ya mwenzetu mshonaji.

Binti huyo ni mtoto wake. Polio ilimpata miguu akiwa mdogo, na sasa anatembea kwa kinga ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Mwaka huu amepata diplome ya Serikali, na sote tulipiga vigelegele. Lakini kisha mama yake akatuambia: «Pesa ya kumwandikisha nimeichanga. Ninaogopa ngazi. Msichana mzima, nani atambebe mgongoni kila siku?» Tulikosa jibu.

Ndipo mmoja wetu akatuonyesha ramani iitwayo Wheelmap, inayofunguliwa kwa intaneti bila kulipa. Ilianza mwaka 2010 kule Berlin, Ujerumani. Mwanzilishi wake, Raul Krauthausen, naye anatembea kwa kiti cha magurudumu. Kila mahali panapewa rangi. Kijani: mlangoni na ndani ya vyumba hakuna ngazi. Rangi ya chungwa: mlangoni kuna ngazi moja isiyozidi sentimita 7, na vyumba vya maana vinaingilika. Nyekundu: hapaingiliki. Kijivu: bado hakuna aliyesema kitu. Choo nacho kina alama yake.

Tulipotafuta kampasi yetu, karibu kote palikuwa kijivu. Hakuna mtu wa Berlin atakayekuja kutupimia. Ramani hiyo hujazwa na mtu yeyote, basi tukasema tutaijaza sisi.

Tuliingia getini saa tatu. Mvua bado haijaanza. Vumbi jekundu lilitufuata chini ya miembe mpaka kwenye maktaba. Ngazi ni moja. Mshonaji akainama na futi: sentimita 6. Ndani hakuna ngazi nyingine. Rangi ya chungwa. Binti akacheka, akasema: «Hapa nitasukumwa kidogo tu.»

Kwenye biro ya aparitora, ambako kila mwanafunzi lazima apitishe karatasi zake, tulihesabu ngazi tano. Mama yake akanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa akifagia akatuuliza tunapima nini. Tulipomweleza, akaweka ufagio chini: «Mbona hamupiti nyuma? Sisi tunapitisha ndoo zetu kule.» Tukazunguka. Kweli, mlango wa nyuma uko sawa na udongo, na kinga ikapita. Tukaandika vyote viwili, ngazi za mbele na njia ya nyuma.

Oditwari ya mwaka wa kwanza ndiyo iliyotufundisha zaidi. Mbele kuna ngazi nane. Mlango wa pembeni hauna hata moja, na tulikuwa karibu kushangilia. Futi ikasema mlango una sentimita 70, na kinga ina 80. Rangi za ramani zinahesabu ngazi, lakini upana wa mlango ni lazima tuupime wenyewe. Kiti chembamba cha magurudumu kingepita pale; kinga haipiti. Vyoo vyote tulivyoviona vilikuwa vyekundu.

Saa sita tuliketi chini ya mwembe kula karanga. Telefone ilionyesha kampasi yenye rangi. Nyekundu zilikuwa nyingi kuliko kijani, lakini mama yake alikuwa mtu mwingine. Alisema: «Jana niliogopa inivesite nzima. Leo ninaogopa milango mitatu.»

Wamama, ramani haijengi mteremko wa simenti. Lakini inamwezesha mtoto kujua njia yake kabla ya kutoka nyumbani, na inatupa sisi neno la kusema mbele ya wakubwa. Katiba ya inchi yetu, katika kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa njia ya pekee, na tangu tarehe 3 Mei 2022 kuna sheria nzima juu ya haki zao. Tumeandika barua kwa wakubwa wa kampasi, na vipimo vyetu tumeviweka ndani. Tunaomba mteremko kwenye aparitora na choo kimoja kinachoingilika. Jibu bado hatujapata.

Lakini hatukungojea jibu. Mama ambaye zamu yake ya likelemba ni mwezi huu amesema pesa hiyo itangulie kununua kiti chembamba, kitakachokuwa kinamngojea binti kwenye mlango wa oditwari. Yeye atapokea zamu ya mwisho. Jumatatu mtoto wetu alipita mlango wa nyuma wa aparitora, akajiandikisha kwa mkono wake.

Jumamosi hii tunapima kituo cha afya na soko la kartie yetu. Tukutane saa mbili. Mwenye futi aje nayo. Asiye nayo asikose: upana wa vidole vinne vya mkono unakaribia sentimita 7.