Antena Iliyofungwa Kamba

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 zilikata barabara ya Garissa, na Mto Tana ukatandaa hata usijue ukingo ulikuwa wapi. Nilikuwa dereva wa kikosi cha misaada, na kwa kuwa redio ilikuwa garini, dereva ndiye aliyekuwa mtu wa redio. Hakuna aliyeniuliza kama naijua.

Simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wenye nacho Nairobi. Sisi tulikuwa na redio ya upepo aina ya Codan na antena ndefu iliyoyumba kama ufito wa kuvulia samaki. Ukibonyeza ijirekebishe, kisanduku cha antena kilitatarika, tak-tak-tak, kisha kikanyamaza: ongea. Injini usizime, maana redio ya wati 100 hula betri upesi.

Ajabu ni kwamba Nairobi, zaidi ya kilomita 300, walitupata safi, ila gari la wenzetu lililokwama Bura halikusikia neno. Fundi mmoja akanieleza: mawimbi hupaa, hugonga tabaka la juu la anga na kushuka mbali, yakiwaruka walio karibu. Akaipinda antena ikalala juu ya paa, akaifunga kamba. Sasa yakapaa wima na kushuka jirani.

"Bura, Bura, mnanipata?"

"Tunakupata, mzee. Ova."

Mchana tulikaa kwenye megahetzi 7 hivi. Giza likiingia sauti zinafifia, nasi tunashuka hadi 4.

Saa moja asubuhi kila kituo kiliitwa kwa zamu, na wote tulisikia yote. Hola wakiomba dripu, Garsen wakiulizia mashua, mwenye mashua anajibu papo hapo bila kungoja mkubwa wa Nairobi. Siri haikuwepo. Hata ugomvi wa wakubwa tuliufaidi.

Miaka ya 2000 zikaja simu za setilaiti, Thuraya. Unasimama peupe, unaongea mbiombio maana dakika ni ghali, na mnaosikizana ni wawili tu. Nadhani hapo ndipo kila gari lilipoanza kujua habari zake peke yake.

Halafu minara ikaenea, WhatsApp ikaingia. Picha ya daraja lililobomoka inafika ofisini kabla sijashuka garini. Hilo silidharau, mimi niliyewahi kutaja majina ya wagonjwa herufi moja moja, Alfa, Bravo, Charli, huku radi ikikwaruza masikioni, naijua thamani yake. Tena kikundi cha WhatsApp kimerudisha kidogo ule usikivu wa pamoja, ingawa katikati ya salamu na maombi ombi la mashua hupotea.

Mafuriko ya 2024 yalitukuta na simu kila mfuko. Mnara uliokuwa karibu nasi ukazimika, na vijana wakabaki wanazitazama. Gari kuukuu ndilo lililokuwa na redio.

Nimeomba kila gari jipya lifungwe redio. Nikajibiwa simu zinatosha. Nimeandika tena, safari hii nimeambatisha ripoti ya siku ya mnara.